Miezi Kumi na Mmoja ya Kuuguza Kichwa

Kila anayejua kwamba nilipandikizwa nywele huniuliza kwanza kuhusu maumivu. Maumivu yangu yaliisha siku ya tatu, nikiwa ndani ya basi kati ya Nakuru na Kericho, na tangu hapo sikumeza tena kidonge cha kutuliza. Kilichonichosha ni miezi minne iliyofuata, na hasa wiki ya sita na ya saba, ambapo paji langu lilikuwa wazi kuliko lilivyokuwa kabla sijalipa hata shilingi moja. Naandika kuhusu kipindi hicho kwa sababu wanawake wenzangu wa Kisumu wanaonijia kwa ushauri huuliza bei na kutaka kuona picha, lakini ni wachache mno wanaouliza watalala vipi, watavaa nini kanisani, au watawaambia nini watu wa nyumbani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya upili na nina umri wa miaka 38. Nimesuka tangu nikiwa darasa la pili. Tulizoea kukaa chini ya mikono ya msusi hadi nyusi zinapanda, na tukiinuka tunasifu kwamba nywele zimeshika vizuri. Usiku wa kwanza ulikuwa wa kulala kifudifudi, na vile vipele vyeupe vilivyotokea kandokando ya paji tulivihesabu kuwa sehemu ya kupendeza. Sasa najua kwamba vipele vile vilikuwa ngozi ikilalamika. Nywele zinazovutwa muda mrefu hukatika kwanza kwenye ukingo wa paji na juu ya masikio, na mtu akiacha kusuka mapema hurudi zenyewe. Akiendelea kwa miaka mingi, kinyweleo, yaani kitundu cha ngozi unamoota unywele, hufa na mahali pake hushikwa na kovu. Daktari wa ngozi aliponitazama kwa lenzi yake alinionyesha kwenye kioo sehemu iliyokuwa laini na yenye kung'aa, isiyo na hata kitundu kimoja, akaniambia kwa upole kwamba pale hapana mafuta wala dawa ya kupaka itakayoamsha kitu.

Hakukubali tuzungumzie upasuaji papo hapo. Alinikataza kusuka, kuvaa wigi ya gundi na kutia dawa ya kulainisha nywele kwa mwaka mzima, ili ionekane ni zipi zingerudi bila kisu, na ili naye ajiridhishe kwamba nimeiacha ile desturi iliyoniponza. Jambo hili lina mantiki yake. Mwaka wa 1959, daktari Norman Orentreich wa New York alichapisha maelezo ya kile alichokiona kwa wagonjwa wake: nywele zinazohamishwa huendelea na tabia ya mahali zilikotoka, wala hazifuati tabia ya mahali zinapohamia. Ndiyo maana mwanamume mwenye upara wa kurithi anaweza kuchukua nywele za kisogoni, ambazo kwa kawaida hazinyonyoki, akazipeleka utosini zikadumu. Mimi sikuwa na kinga ya namna hiyo. Unywele wa kisogoni ukivutwa kama ule wa paji utakufa kama ule wa paji, na hakuna upasuaji unaoweza kulibadili hilo.

Upasuaji wenyewe nitausimulia kwa ufupi. Ulifanyika Nairobi mwanzoni mwa likizo ya Agosti, kwa mkopo wa sacco, kwa kuwa bima yangu huihesabu kazi hii kuwa ya urembo. Walininyoa kichwa chote. Sindano za dawa ya ganzi ndizo zilizonitoa machozi. Baada ya hapo nilichosikia ni sauti tu na mgandamizo. Kutoka kisogoni walitoa vipandikizi 1,240, kila kimoja kikiwa na unywele mmoja, miwili au mitatu pamoja na mizizi yake, na vile vya unywele mmoja wakavipanga mstari wa mbele kabisa ili ukingo usionekane kama brashi. Kwetu sisi wenye nywele za kipilipili, unywele haukujikunja juu tu, kwani hata chini ya ngozi mzizi umepinda, na mkono usio na uzoefu huukata katikati bila kujua. Kwa hiyo daktari alianza kwa kutoa vichache vya majaribio, akavitazama kwa hadubini, kisha akabadilisha kipimo cha kifaa chake kabla ya kuendelea. Alikuwa pia amenikagua matundu ya masikio na kovu la chanjo mkononi, kwa kuwa mtu ambaye makovu yake huvimba na kukua kupita jeraha lenyewe anaweza kutoka na kisogo kibaya kuliko paji alilolileta.

Nililala Nairobi usiku mbili, nikaoshwa mara ya kwanza na muuguzi, kisha nikapanda basi la asubuhi. Nilikuwa nimenunua mto wa shingoni, ule wenye umbo la kwato, na nilikaa kiti cha mbele ili kichwa kisiguse chochote. Kwa siku hizo za mwanzo kipandikizi hakina mshipa wake. Hunyonya majimaji ya ngozi inayokizunguka mpaka mishipa midogo ya damu iungane nacho, na mpaka yapata siku ya kumi kukigusa vibaya ni kuking'oa. Kila baada ya nusu saa nilikuwa nikijipulizia maji ya chumvi kwa kichupa, na abiria mwenzangu, mama mmoja aliyekuwa akienda Muhoroni, hakuniuliza neno. Alinishikia kichupa kila nilipotaka kunywa chai.

Tulipokuwa tukiteremka kutoka Kericho nilihisi paji likiwa zito. Wakati wa upasuaji huingizwa maji mengi chini ya ngozi ya kichwa, na maji hayo hayana njia nyingine ila kushuka. Siku ya nne asubuhi sikuweza kufungua jicho la kushoto. Nilikuwa nimeambiwa mapema kwamba hali hiyo huja na huondoka yenyewe, lakini kuambiwa ni jambo moja na kujiona kwenye kioo ni jingine. Nilikaa kitandani nikalia, jambo ambalo halikusaidia macho hayo hata kidogo. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa niliiweka juu ya nyusi tu, kamwe si kwenye vipandikizi. Nililala nimeegemea mito mitatu, nusu nimekaa, kwa usiku saba. Kufikia siku ya sita uvimbe ulikuwa umeshuka mashavuni, kisha ukatoweka.

Mama alikuwa amekuja kutoka Ahero kunitunza, na kazi ya kuniosha ilikuwa yake. Bafu la manyunyu lilikatazwa kwa sababu ya nguvu ya maji. Aliyachemsha maji jioni, akayaacha yapoe kwenye sufuria iliyofunikwa, na asubuhi akachanganya sabuni ya nywele ya watoto wachanga kwenye bakuli mpaka ikatoa povu jingi. Povu hilo alililaza juu ya kichwa changu kwa kiganja kilicho wazi, akingoja dakika tano bila kusugua, kisha akamimina maji kwa kikombe cha plastiki taratibu, mkono wake wa pili ukiwa umekinga macho yangu. Siku ya kwanza mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Kufikia wiki ya pili alikuwa akiimba akifanya kazi hiyo.

Mwasho ulianza siku ya tano. Sijui niueleze vipi mwasho huo, ila niseme kwamba nililala nimevaa soksi mikononi, nami najua watu wawili wengine waliofanya hivyo hivyo. Kujikuna usingizini ni hatari kubwa kuliko mtu anavyodhani, na maji ya chumvi yaliyokaa kwenye jokofu yalinipa nafuu kuliko dawa yoyote.

Siku ya sita ndiyo siku niliyojiumiza. Nilitoka kwenda duka la dawa, nikiwa nimevaa kofia pana iliyolegea, nikasimamisha tuktuk. Sote tunaoishi Kisumu twajua namna ya kuinama ukiingia tuktuk, mwili huinama wenyewe bila kuamrishwa, lakini ukingo wa kofia ulinizuia kuliona bomba la chuma linaloshikilia turubai, na nikaligonga kwa pembe ya kushoto ya paji. Sikuhisi uchungu, kwa kuwa ngozi bado ilikuwa na ganzi. Kisha tone la damu likashuka mpaka kwenye nyusi. Dereva alizima injini, akanikalisha, akasema, "Pole sana, mwalimu, usiguse kwanza." Nilibandika shashi safi nikaibana kwa dakika kumi bila kusugua, na nilipoiondoa nikaona juu yake vitu viwili vidogo, mfano wa punje za mtama zilizochipua, kila kimoja kikiwa na kinywele cheusi upande mmoja na kivimbe cheupe upande wa pili. Nilimpigia muuguzi simu. Alinieleza kitu ambacho kila mgonjwa anafaa kukijua: kigaga kikianguka kikavu, hata kikiwa na unywele ndani, mzizi umebaki, bali kukitoka damu, huenda kipandikizi kimeng'oka, na kikishang'oka mtu hawezi kukirudisha mwenyewe akiwa nyumbani. Viwili kati ya 1,240 ni vichache, nami najua hivyo. Hata hivyo niliviweka kwenye karatasi na sikuvitupa kwa siku kadhaa.

Vigaga vingine nilianza kuvilainisha siku ya tisa, kwa povu lililokaa muda mrefu zaidi na ncha za vidole zinazozunguka polepole, bila kucha. Siku ya kumi na mbili kichwa kilikuwa safi. Nilijitazama kwenye kioo cha kabati na kuona ukingo mzima wa nywele, vinywele vifupi vya milimita chache, vikianzia sikio la kulia hadi la kushoto, kama nilivyokuwa nao nikiwa msichana. Nawaomba wote watakaofika siku hiyo wapige picha, wafurahi, na wakumbuke kwamba ukingo huo ni wa muda.

Shule ilipofunguliwa mwishoni mwa Agosti, mwalimu mkuu aliniruhusu kufundisha nikiwa nimejifunga kitambaa cha pamba kilicholegea. Jua la Kisumu halina huruma na ngozi mpya, kwa hiyo nilitembea na mwavuli kutoka ofisini hadi madarasani hata asubuhi, na wanafunzi wakazoea. Pikipiki nilikuwa nimeshaziacha, kwa sababu helmeti za abiria hubana palepale paji linapoanzia, na kupanda bila helmeti sikutaka.

Mwishoni mwa wiki ya tatu vinywele vilianza kuanguka. Nilivikuta kwenye kitambaa jioni, kumi, kisha thelathini, kisha nikaacha kuhesabu. Kichwa kikipata mshtuko wa namna hiyo, vinyweleo vilivyohamishwa huingia katika mapumziko yao ya kawaida, ambayo huchukua takriban miezi mitatu. Unywele uliokuwa juu huachiliwa, na mzizi hubaki chini ukipumzika. Hata baadhi ya nywele zangu za asili zilizokuwa jirani zilinyonyoka pamoja nao. Nilikuwa nimeyasoma haya yote. Wiki ya sita nilipojiona kwenye kioo, sikuyaamini tena.

Aliyenielewa ni Mama, na hakunielewa kwa njia ya hospitali. Amelima mpunga katika skimu ya Ahero tangu nikiwa mdogo, na nilipomwonyesha paji langu aliuliza swali moja tu, kwamba je, pale chini zile mbegu zimeshika au zimeoza? Nikamwambia daktari anasema zimeshika. Akanikumbusha jinsi miche inavyotolewa kitaluni ikiwa ya kijani kibichi, na jinsi siku chache baada ya kuiatika kwenye majaruba majani yake huwa ya manjano na ncha hukauka, hivi kwamba mgeni akipita barabarani hudhani shamba limekufa. "Mwenye shamba haling'oi," alisema. "Huchungulia maji tu, aone kama yanatosha." Tangu siku hiyo nilipoosha kichwa nilikuwa nikitafuta dalili za ugonjwa peke yake, yaani usaha, joto, wekundu unaoenea au harufu, na nilipozikosa nilikifunika na kwenda zangu kazini.

Katikati ya Septemba, nyanya yangu mzaa baba alifariki. Alikuwa mtu mzima wa siku nyingi na tulimzika kwa heshima nyumbani Ahero. Siku chache baada ya mazishi, katika boma letu, hufanywa liedo, ambapo wafiwa wa karibu hunyolewa nywele, na ingawa familia nyingi za Wajaluo siku hizi hukata kishungi tu au huacha kabisa, baba mkubwa anayeshikilia boma ni mtu wa kufuata utaratibu kamili. Sikuwa na nia ya kuidharau shughuli hiyo. Nyanya ndiye aliyenilea Mama alipokuwa shambani, na nilitaka kunyolewa kama wajukuu wengine.

Nilimpigia daktari usiku. Alinijibu kwamba kunyoa hakuwezi kuua mzizi ulioshika, kwani wembe hupita juu na mzizi uko chini. Anachokiogopa yeye ni ngozi changa kukatwa, na wembe mmoja kupita vichwa vingi. Mkasi ungetosha, tena usiguse paji. Mama aliyapeleka maneno hayo kwa baba mkubwa kabla ya mapambazuko. Sikusikia walichozungumza. Nilimwona tu baba mkubwa akiitikia kwa kichwa polepole, kisha akaja mwenyewe pale nilipokuwa nimekaa, akaniambia, "Binti yangu, nyanya yako hakuhitaji damu yako."

Ili nikatwe ilinibidi nivue kitambaa mbele ya shangazi zangu wote, mchana, chini ya mwembe ulio nyuma ya nyumba ya marehemu. Hawakuwa wameniona bila kitambaa tangu Agosti. Mjane mzee aliyekuwa na kazi ya kunyoa alinishika kidevu, akaligeuza paji langu kwenye mwanga, akalitazama kwa muda mrefu lile eneo lililokuwa na vitone vya waridi na hakuna unywele hata mmoja, kisha akakata kishungi kidogo juu ya sikio langu la kulia kwa mkasi wake. Hakusema kitu. Shangazi yangu mdogo ndiye aliyevunja ukimya. Alivua kilemba chake, akanionyesha paji lake mwenyewe, lililo wazi mpaka karibu na utosi, ambalo amelificha kwa zaidi ya miaka ishirini, akaniuliza kama kwa umri wake bado inawezekana. Tulizungumza mpaka jioni, yeye na mimi na binamu zangu watatu, na wawili kati yao waliniahidi kutowasuka binti zao kwa kuvuta. Ahadi hiyo nimeifuatilia na inatunzwa.

Miezi ya Oktoba na Novemba ilikuwa ya vipele. Unywele mpya uliopinda ukitafuta njia ya kutokea mara nyingine hujikunja chini ya ngozi na kufanya kijipu kidogo, na sisi wenye nywele za aina hii hupatwa zaidi. Kitambaa cha maji ya vuguvugu, kuwekwa mara mbili kwa siku, kilitosha kwa vingi. Viwili vilivyokataa nilipewa dawa ya kupaka. Kuvikamua ni kujitengenezea kovu.

Unywele wa kwanza niliugundua kwa kidole kabla sijauona kwa macho, wiki ya kumi na tano, nikiwa nasahihisha mitihani ya mwisho wa muhula. Ulikuwa laini mno, wenye rangi iliyofifia, kama wa mtoto mchanga. Baada ya hapo vilikuja kwa makundi na bila usawa, upande wa kulia ukitangulia. Nywele hukua yapata sentimita moja kwa mwezi, lakini zetu hujikunja, na urefu huo hauonekani haraka. Faida yake ni kwamba mkunjo huo hufunika ngozi kubwa kwa nywele chache. Kufikia mwezi wa saba baada ya upasuaji nilivua kitambaa darasani. Ganzi ya kisogoni ilikuwa imeisha kitambo, isipokuwa sehemu moja ndogo, upana wa shilingi, ambayo hata leo nikiigusa ni kama namgusa mtu mwingine.

Sasa ni mwezi wa kumi na moja tangu upasuaji, na daktari husema matokeo yasihukumiwe kabla ya mwaka mmoja, pengine hata mwaka na nusu kwa ngozi yenye kovu kama yangu. Upande wa kulia umejaa. Wa kushoto umebaki na nafasi, na nilipomuuliza kama ni kwa sababu ya tuktuk alinihakikishia kwamba vipandikizi viwili haviwezi kuacha pengo kama lile. Kovu la upande huo lilikuwa gumu zaidi tangu mwanzo, na damu haipiti kwa wepesi mahali penye kovu. Huenda tukaongeza vichache mwakani, huenda tusiongeze. Nimezichana nyuma bila kuzifunga, nimezipaka mafuta kidogo, na wiki ya pili ya Agosti ninarudi Nairobi kukaguliwa. Shangazi ameomba twende pamoja, na nimeshakata tiketi za viti viwili vya mbele.